Ganzi ya miguu isisingiziwe vidonge vya utamu

Mhariri,

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna ujumbe unaozunguka, zamani kwa barua pepe na siku hizi kwa simu, kwamba aspatamu huharibu mishipa ya fahamu. Aspatamu ndiyo inayotiwa kwenye soda zisizo na sukari na kwenye vidonge vingi vya utamu ambavyo wagonjwa wa kisukari hutia kwenye chai. Na hao wagonjwa ndio wanaoponzwa na ujumbe huo: wakianza kuhisi ganzi nyayoni huvitupa vidonge, hurudia sukari, na chanzo cha ganzi kinabaki bila kupimwa.

Hofu haikutoka hewani. Tumboni aspatamu huvunjika ikatoa fenilalanini, asidi aspatiki na methanoli, hii ya mwisho ikiwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Methanoli ndiyo inayowapofusha wanywaji wa pombe haramu, kwa kuua neva ya jicho. Basi tupige hesabu. Kopo la mililita 330 huwa na aspatamu miligramu 200 hadi 300, yaani methanoli ya miligramu 30 hivi kwa wingi wake. Kiasi kinachoweza kupofusha, mililita 10 za methanoli tupu, ni karibu miligramu 8,000. Juisi ya nyanya, glasi kwa glasi, hutoa methanoli nyingi kuliko soda hiyo, wala hakuna anayeikimbia.

Julai 2023 kamati ya wataalamu ya WHO na FAO ilibakiza kikomo cha aspatamu cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anaruhusiwa 2,400: makopo 8 hadi 12, au vidonge 120 vya miligramu 20. Mtoto wa kilo 15 ni 600 tu, na makopo mawili au matatu yanammaliza. Huyo ndiye wa kuchungwa, hasa kwa juisi za unga za pakiti. Kwenye lebo tafuta E951, ndiyo namba ya aspatamu. E950, E952, E954 na E955 ni vitamu vingine, kila kimoja na kikomo chake.

Kwa aliyezaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria, aspatamu ni mwiko kabisa: mwili wake hauvunji fenilalanini, nayo ikirundikana huharibu ubongo.

Kuhusu maumivu ya kichwa na hisia, ushahidi haujanyooka. Jaribio la Marekani la 1987 liliwachukua watu 40 waliodai aspatamu huwaumiza kichwa. Waliumwa asilimia 35 walipopewa aspatamu na asilimia 45 walipopewa vidonge bubu, visivyo na kitu ndani. Jingine la 2014, la watu 28 tu, lilikuta hasira na huzuni zaidi kwa miligramu 25 kwa kilo kwa siku kuliko kwa kiasi kidogo. Anayeshuku kichwa chake aache wiki mbili huku akiandika siku anazoumwa, kisha arudie. Haigharimu kitu.

Ganzi, kuchomachoma au miguu kuwaka moto usiku ni habari nyingine. Kwa mwenye kisukari, mshukiwa wa kwanza ni sukari iliyokaa juu kwa miaka. Wa pili husahaulika mno: metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa muda mrefu, hupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi ileile. Anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu anahitaji vitamini B6 pembeni. Pombe nayo imo. Anayeacha vidonge vya utamu na kurudisha vijiko vitatu kwenye kila kikombe anampa nguvu mshukiwa wa kwanza.

Kwa hiyo kliniki mwombe muuguzi akupime kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa mkandamizo wa gramu 10: unafumba macho, anaubonyeza kwenye wayo hadi upinde, nawe unasema ulipokugusa. Usipouhisi, kagua nyayo kila usiku, usitembee peku, na maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko. Kama unatumia metformini, ulizia kipimo cha B12. Huku ukisubiri majibu, maini, dagaa, mayai na maziwa vinayo, mchicha hauna.

Mfamasia,
Tanga