Dalali kahamia kwenye simu

Mhariri, shikamoo kama ni mkubwa kwangu, kama sivyo basi habari za kazi.

Kila nikifungua gazeti nakuta mtaalamu anatuhimiza sisi wadogo tuingie dijitali tuuzie dunia nzima. Mimi nimeshaingia, mwaka wa nne huu, napeleka wageni Materuni kuona maporomoko na kutwanga kahawa, na sikatai, bila intaneti Mjerumani angenijulia wapi mimi wa Rau. Ila hebu pigeni hesabu ya wiki iliyopita. Wageni wawili, dola 80. Mtandao wa huko nje walikobuku ukachukua asilimia 20, zikabaki 64. Benki ikakata 9 za kupokea hela ya nje, tena ikabadilisha kwa bei yake. Hapo bado gari, bado kiingilio cha kijiji, bado mama anayetukaangia kahawa ambaye lipa namba hataki hata kuisikia, anataka keshi mkononi, kwahiyo natoa kwa wakala nakatwa tena. Jioni nikabaki na hela ya mafuta na nyota tano.

Hizo nyota nazo! Kuna mgeni alinipa mbili kisa mvua ilinyesha, yani mwezi wa nne, Kilimanjaro. Wiki tatu simu haikulia.

Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, wageni wangu walikaa stendi wananisubiri na mimi sina habari, maana namba zao sikuwa nazo. Mtandao ule wa kubuku hautupi namba, unaogopa tutaongea pembeni. Mgeni ni wake, mimi ni dereva tu.

Wazee wetu walipochoka kupangiwa bei ya kahawa na walanguzi walianzisha KNPA, chama cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, 1925, ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika, 1933, jengo lake si lipo pale mjini mpaka leo. Sisi wajukuu tuko kibao, kila mtu na akaunti yake, tunashushiana bei kwenye duka la mtu mwingine. Kwanini tusiwe na tovuti moja ya kubuku na akaunti moja ya dola, makato ya benki tukagawana?

Kwahiyo wakituitia semina tena, kufungua Instagram tunajua jamani, watuletee mtu wa benki na mtu wa ushirika. Nimeshaongea na wenzangu sita, wanne wamekubali, wawili wanasema kwanza waambiwe nani atashika hela.

Mwongoza wageni, Rau, Moshi