Ile treni ya mjini uliyoniuliza

Addis Ababa, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia mama ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mpe pole, na umfikishie shikamoo yangu. Mimi ni mzima, ila usiku bado nalala na sweta. Mji huu uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na sisi watu wa pwani hatukuumbiwa mambo haya.

Umeniuliza kama ni kweli treni ya mjini ya huku inayashinda mabasi ya mwendokasi, na kama Dar nayo ingefaa kujengewa. Mimi naipenda, lakini nisingetaka ije Dar kama ilivyo huku. Tulia nikueleze.

Njia ziko mbili. Ya kijani inatoka Ayat, mashariki, hadi Tor Hailoch, magharibi. Ya buluu inaanzia Uwanja wa Menelik II kaskazini na kuteremka hadi Kality, kusini. Zote pamoja ni kama kilomita 34 na vituo 39. Ya buluu ilifunguliwa Septemba 2015, ya kijani ikafuata Novemba. Waliojenga ni Wachina, kwa dola milioni 475, nyingi zikiwa mkopo kutoka benki ya Exim ya China. Usiifikirie kama treni ya Dodoma. Hii ina mabehewa mepesi, sakafu yake iko chini ili watu wapande kwa urahisi, na inakata kona kali za mjini. Umeme inauchukua kwenye nyaya zilizo juu yake. Dizeli ikipanda bei haiihusu, maana karibu umeme wote wa Ethiopia unatoka kwenye mabwawa.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha kati ya Stadium na Lideta. Hapo reli inapita juu ya nguzo, na njia zote mbili zinatumia reli zilezile kwa vituo vitano. Leghar, kimojawapo, kiko jirani na stesheni ya zamani ya reli ya Djibouti. Mbele ya stesheni hiyo kuna sanamu ya simba ambayo Waitaliano waliichukua walipoivamia Ethiopia wakaipeleka Roma, kisha ikarudishwa. Kule kaskazini reli imezama chini ya ardhi. Ili kuchimba hapo ilibidi mwaka 2013 waing'oe kwa muda sanamu ya Abuna Petros, askofu aliyepigwa risasi na Waitaliano mwaka 1936. Watu walinung'unika sana mpaka iliporudishwa mahali pake. Kwa hiyo ukiwa abiria, unapitishwa kwenye historia yao hata kama ulikuwa unakwenda sokoni tu.

Lakini kipande hichohicho ndicho chenye fundo. Treni moja ikikwama hapo, njia zote mbili zinasubiri. Na hata ukitaka kuongeza treni upande wa Ayat, lazima uulize kwanza za Kality zinapita saa ngapi.

Jambo jingine huwezi kuliona kwenye ramani. Sehemu kubwa ya reli iko usawa wa ardhi, katikati ya barabara, na imezungushiwa uzio. Ni lazima, la sivyo watu wangegongwa. Basi barabara ambayo zamani uliivuka kwa hatua chache, sasa unaifuata mpaka upate kivuko, unavuka, halafu unarudi ulikotoka kwa upande wa pili. Kijana hajali. Mzee mwenye mkongojo, au mama mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi, anajali sana. Wanaochora mipango hii, nahisi, huwa wanapita na magari.

Tatizo kubwa zaidi ni vipuri. Mfumo ulianza na treni 41, na miaka iliyofuata nyingi zikabaki zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Nauli ilipoanza ilikuwa birr 2 hadi 6 kulingana na umbali, bei ambayo hata mfanyakazi wa chini aliimudu, nami naiunga mkono kabisa. Ila nauli inakusanywa kwa birr, na vipuri vinanunuliwa kwa dola, na dola Ethiopia zimekuwa adimu kwa muda mrefu. Treni zikipungua, wanaongojea kituoni wanaongezeka, na mwenye haraka anarudi kwenye vile vibasi vya buluu na nyeupe, ambavyo konda wake anaita abiria kwa sauti ileile ya Mbagala.

Halafu, nisisahau, saa zao ni kama zetu! Saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi, sihesabu wala sigeuzi. Wageni wengine wanachanganyikiwa, mimi natembea kifua mbele.

Sasa kuhusu Dar. Wakija kutuambia kilomita ngapi zitajengwa, mimi nitauliza karakana itakuwa wapi, mafundi watafundishwa na nani, na fedha za vipuri vya mwaka wa kumi zitatoka wapi. Basi la mwendokasi likiharibika, angalau unalivuta pembeni na jingine linapita. Treni haina pembeni. Ila kwa barabara yenye watu wengi kupindukia, tena vituo vikikaa karibu na vivuko, ningeikubali bila kusita.

Ukija Desemba tutaipanda kuanzia Ayat, asubuhi kukishapambazuka vizuri, ukae dirishani. Niletee ubuyu wa Zanzibar, usiwe na pilipili nyingi, na uniandikie mama anaendeleaje na dawa zile.

Wako,
Zuhura