Dozi ya TB imekwisha, lakini pafu halikurudi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji, na hasa Wizara ya Afya, jambo tunaloishi nalo hapa Mirerani. Kaka yangu alikuwa mwanaapolo, akachimba tanzanite kwa miaka 17. Alikohoa zaidi ya mwaka mzima kabla hajapimwa makohozi, kwa kuwa kila aliyemsikia alimwambia ni vumbi la mgodini tu. Alipogundulika kuwa na kifua kikuu, alimeza dawa miezi 6 bila kuruka hata siku moja, makohozi yakapimwa tena yakawa safi, akaandikiwa kwamba amepona. Hiyo ni miaka 4 iliyopita. Leo hafikishi ndoo ya maji kutoka bombani hadi mlangoni bila kuketi njiani.

Picha ya eksirei ilionyesha kwamba pafu lake la kushoto limesinyaa karibu lote. Daktari aliyetusomea picha hiyo, ambaye ninamshukuru kwa uvumilivu wake, alitueleza kuwa bakteria wa kifua kikuu wakikaa muda mrefu, mapambano ya mwili dhidi yao huozesha nyama ya pafu na kuacha mashimo, na penye kupona hukakamaa kama kovu la moto, likaivuta mirija ya hewa hadi ikapanuka na kutuamisha makohozi. Ndani ya mashimo hayo fangasi huweza kuota, na mshipa wa damu ulio kando yake ukipasuka, mtu hukohoa damu ilhali bakteria wenyewe walishakufa zamani. Dawa huua bakteria, hazioteshi pafu jingine.

Hilo la damu ndilo lililotuponza. Katika kituo kimoja cha afya alianzishiwa tena dozi ya kifua kikuu, mara mbili kwa nyakati tofauti, kwa sababu ya kikohozi hicho cha damu na picha ya kifua peke yake, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Dawa hizo hulemea ini, na kila alipozimeza tuliamini anatibiwa, kumbe ugonjwa uliomsumbua ulikuwa mwingine.

Nchi yetu ina mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu tangu mwaka 1977, na dawa hutolewa bure, jambo ambalo limeokoa wengi, akiwamo yeye. Ninachoomba ni kwamba siku ya mwisho ya dozi isiwe siku ya kufutwa kwenye daftari. Mgonjwa apigwe picha ya kifua na apimwe nguvu ya kupumua bila malipo, na atakayekutwa na madhara aendelee kuhudhuria kliniki, afundishwe mazoezi ya kupumua na namna ya kutoa makohozi. Kwa wachimbaji hili lina uzito wa pekee, maana vumbi la mwamba lenyewe huharibu mapafu na kuyafungulia njia maradhi haya, hivyo wenye migodi nao wabanwe wachoronge kwa maji.

Hospitali ya Kibong'oto, inayohudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926, haiko mbali sana nasi, ila kwa mtu asiyeweza tena kufanya kazi, nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha siku kadhaa cha watoto wake. Hadi ninapoandika barua hii, kaka yangu hajapimwa nguvu ya kupumua hata mara moja.

Mkazi wa Mirerani,
Simanjiro, Manyara