Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Tulioishi Zaria Bila Kutoka Tanga

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka nisome taarifa hii kabla ya chai, na harufu ya mihogo nimeshaisikia, kwa hiyo sitawachosha.

Mwaka huu tulikutana mara 11. Mkutano wa Aprili uliahirishwa kwa mvua. Maji yaliingia hadi kwenye kabati la vitabu, na Mama Mhazini ndiye aliyeokoa rejista kwa kuitoa nje kichwani kama mzigo wa kuni. Tunamshukuru.

Mnakumbuka tulivyopiga kura ya mji mmoja ambao chama chetu kingesoma habari zake mwaka mzima. Waliotaka Timbuktu walishindwa na wakanuna hadi Machi. Ukachaguliwa Zaria, mji wa Wahausa kaskazini mwa Nigeria, ambao kwa jina la kale ni Zazzau, mmoja wa ile miji saba wanayoiita Hausa Bakwai. Kusema kweli, tuliuchagua kwa ajili ya mtu mmoja: Malkia Amina. Kila mtu alitaka habari za binti aliyepanda farasi akateka nchi.

Amina alikula mikutano yetu mitatu, na hapa naomba kutoa maoni yangu. Kumbukumbu za Kano, yaani tarehe ya wafalme wa mji mwingine wa Wahausa, zinamtaja kama binti wa mtawala wa Zazzau aliyepigana kwa miaka 34, hata mfalme wa Nupe akamletea matowashi 40 na kokwa 10,000 za kola. Zinamweka enzi za Sarki (mfalme) Dauda wa Kano, yaani nusu ya kwanza ya karne ya 15. Masimulizi mengine yanamfanya binti wa mtawala Bakwa Turunku na kumsogeza hadi karne ya 16. Zaidi ya miaka 100 kati ya simulizi na simulizi! Tulibishana hadi mlinzi akaja kuzima taa. Simkatai Amina, kuta kuukuu za miji ya Wahausa bado zinaitwa kwa jina lake. Lakini tulimpa muda mwingi kuliko tunavyomjua, tukawabania watu ambao habari zao ziko wazi.

Wa kwanza ni Abubakar Imam. Alizaliwa Kagara mwaka 1911, miaka miwili tu baada ya Shaaban Robert wetu kuzaliwa hapa hapa Tanga. Alikuwa mwalimu Katsina alipoitwa Zaria, kwenye ofisi ya serikali ya kutafsiri na kuandika vitabu, akatunga mkusanyiko mkubwa wa hadithi zinazosimuliwa na kasuku. Mwaka 1939 gazeti la Gaskiya Ta Fi Kwabo likaanza Zaria, naye akawa mhariri wake. Maana ya jina ni kwamba ukweli una thamani kuliko kwabo, na kwabo ni peni. Gazeti letu la Mambo Leo la Tanganyika lilikuwa na miaka 16 tayari, na sisi tulikuwa na Kamati ya Lugha ya Kiswahili tangu 1930. Kwa hiyo Imam na wenzake walikuwa wanasumbuliwa na maswali yale yale ya wazee wetu: tuandike kwa herufi zipi, neno jipya tulitoe wapi, na mkubwa Mzungu akitaka sentensi yake ibaki ilivyo, mhariri afanye nini. Mkutano wa Juni, tuliomzungumzia Imam, ndio uliokuwa bora kuliko yote. Mzee wetu mmoja aliyepata kupanga herufi za risasi matbaani alituonyesha vidole vyake, akasema, "Huyo Imam namjua, ingawa simjui."

Wa pili ni Baba wa Karo, na msidanganywe na jina, ni mwanamke. Mwaka 1949 na 1950 alimsimulia Mary Smith maisha yake yote: ndoa zake, mashoga zake, watumwa wa baba yake, kutokupata mtoto na kulea wa wengine. Akafariki 1951, kitabu kikatoka 1954 bila yeye kukiona. Akina mama waliomba siku ya pili ya kumzungumzia, nikakataa kwa sababu ya ratiba. Nilikosea.

Wa tatu ni fundi. Msikiti wa Ijumaa wa Zaria ulijengwa miaka ya 1830 na Babban Gwani Mikaila, na Babban Gwani maana yake ni bingwa mkuu. Aliujenga kwa matofali ya udongo yenye umbo la pia, wanayoyaita tubali, na mbao za mvumo zilizofichwa ndani ya matao, kiasi kwamba ukitazama unadhani ni udongo mtupu umejipinda wenyewe. Tarehe 11 Agosti 2023 sehemu ya msikiti iliporomoka watu wakiwa katika sala ya Alasiri, na baadhi yao wakafa. Tulisoma habari hiyo tukawaombea dua.

Yakubu Gowon, aliyeitawala Nigeria 1966 hadi 1975, alikulia Wusasa, mtaa wa Wakristo nje ya kuta za Zaria. Shule ya Barewa ya huko huko Zaria imesomesha viongozi wengi mno, sikuwa na subira ya kuwaorodhesha.

Sasa lile la mgeni. Kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, alikubali kuzungumza nasi kwa video, akamwandikia katibu: "Talata, baada ya Isha." Katibu wetu, ambaye madrasa haijamtoka, akaona talata ni tatu, na tatu ni Jumatatu. Jumatatu tukakaa tukiitazama skrini tupu mpaka kahawa ikaisha, na wengine wakaanza kumteta mgeni wa watu. Kesho yake mgeni akapiga, akamkuta katibu yuko dukani anapima sukari. Kumbe Wahausa wanahesabu siku kuanzia Jumapili: Lahadi, Litinin, Talata. Sisi tunaanzia Jumamosi. Kwenye Alhamisi na Ijumaa ndipo majina yetu na yao yanapokutana. Katibu aliomba radhi kwa pande zote mbili, na mgeni alicheka sana. Waliongea nusu saa juu ya kaunta, na alichoandika katibu nyuma ya daftari la madeni ndiyo kumbukumbu pekee tuliyonayo.

Fedha: Mama Mhazini atasoma hesabu zake mwenyewe. Mimi nasema tu kwamba wanachama tisa hawajalipa ada, na wawili kati yao wamekaa mstari wa mbele.

Mwakani, kamati inapendekeza Timbuktu, ili amani irudi. Mkutano wa kwanza ni Jumanne ya pili ya Januari, baada ya Isha. Katibu, andika: Talata.