Barua kwa mwanangu: kodi ya mshahara na kodi ya nyumba

Uyole, Mbeya

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Umepata kazi mbili, mshahara laki tisa Dar, laki sita hapa Mbeya, na wewe unasema hakuna cha kufikiria, ni Dar tu. Mimi nimekaa na daftari la madeni ya duka, nikapiga hesabu ukurasa wa nyuma.

Ukitoa asilimia 10 ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha kodi ya mshahara, ile 900,000 inakufika mkononi 729,500. Hii ya hapa inabaki 516,000. Laki tatu uliyoiona imeshuka hadi 213,500, maana kodi hupanda ngazi: 270,000 ya kwanza haiguswi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, halafu 20, halafu 25. Na ngazi ni hiyohiyo Dar na Mbeya. Hakuna anayekupunguzia kwa kuwa unaishi mji wa ghali.

Kodi inayobadilika ni ya nyumba. Muulize shangazi yako wa Kimara: mwenye nyumba wake anataka ya miezi 6 kwa mkupuo, na kila siku anapanda daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Hapa chumba chako kipo, viazi tunachimba wenyewe, na mchele wa Kyela tunaununua kabla haujapakiwa kwenda huko.

Usinitajie Wakinga wenye maduka Kariakoo. Wale hawakufuata mshahara, walifuata wateja.

Sikuzuii. Ila nikisikia neno kodi namkumbuka babu yako. Mkoloni alidai kodi ya kichwa kwa fedha, si kwa mahindi, na fedha kijijini kwao Njombe haikuwepo. Akapandishwa lori na Wabena wenzake hadi kwenye mkonge, Korogwe, akawa manamba, kibarua wa mkataba shambani. Kipande, kadi ya kuhesabia kazi, kilikuwa cha siku 30 za kazi. Siku uliyoumwa haikuhesabiwa. Alirudi na baiskeli, blanketi, na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka tunamzika. Yeye hakuna aliyemuuliza anataka laki ngapi.

Wewe umeulizwa, basi na wewe uliza kabla hujasaini. Hiyo laki tisa ni kabla ya makato au baada? Posho ya nyumba ipo? Nauli ya kuhamia analipa nani?

Wakikujibu nipigie jioni. Mchana niko sokoni Mwanjelwa, simu siisikii.

Mama yako