Bima ya macho kazini si bima ya ugonjwa wa macho

Mhariri,

Msimu wa kuchagua bima kazini hapa Marekani unakaribia. Tunaomba nafasi tueleze jambo ambalo fomu za waajiri hazilielezi waziwazi, nalo linawagharimu Waswahili wengi.

Bima ya macho inayokatwa kwenye mshahara hulipia kupimwa namba ya miwani, fremu na lenzi, basi. Mtoto wa jicho, presha ya macho, jicho jekundu linalotoa usaha, madhara ya kisukari: hayo ni ya bima ya afya. Kipande cha chuma kikikurukia jichoni kiwandani, hiyo ni fidia ya wafanyakazi, yaani bima ya mwajiri kwa wanaoumia kazini, na msimamizi aambiwe siku hiyohiyo.

Kwa hiyo unapopiga simu kliniki, sema unakwenda kwa shida gani, na siku ya miadi beba kadi zote mbili, ya macho na ya afya. Mwenye kisukari anayetiwa dawa ya kutanua mboni ili achunguzwe retina, utando wa nyuma ya jicho, kila mwaka anatumia kadi ya afya. Lakini akipimwa na namba ya miwani hapohapo, kipimo hicho kina msimbo wake kwenye bili, 92015, na bima nyingi za afya hukikataa. Bili inamfuata nyumbani. Aulize kabla hajaketi kwenye kiti: kipimo cha miwani mtakipeleka bima ipi?

Kwenye miwani yenyewe ndiko pesa zinakopotea zaidi. Tuseme bima yako inalipa dola 150 za fremu, inakupunguzia asilimia 20 ya kinachozidi, na inakutaka uchangie dola 25. Ukichagua fremu ya dola 210, ziada ni 60. Ukitoa asilimia 20 inabaki 48. Ongeza 25, unalipa 73. Na hapo ni lenzi za kawaida tu. Lenzi za kuonea mbali na karibu zisizo na mstari, lenzi zinazogeuka nyeusi juani, kinga ya kuzuia mwako wa taa, kila kimoja kina bei yake. Muuzaji akivitaja harakaharaka, vyote vinasikika kama vya lazima. Mwambie akuandikie bei ya kila kitu kwenye mstari wake kabla hujatoa kadi ya benki. Kwa maoni yetu, anayeendesha gari usiku anafaidika na kinga ya mwako. Watoto wanahitaji lenzi za polikaboneti, ambazo hazivunjiki kirahisi, na mipango mingi ya bima huwalipia, uliza. Kumbuka pia kwamba mara nyingi unachagua miwani au lenzi za kubandika juu ya jicho (contact lenses), si vyote kwa kipindi kimoja.

Tarehe nazo zinawaponza watu. Kuna mipango inayohesabu mwaka wa kalenda, na kuna inayohesabu miezi 12 kamili tangu siku uliyohudumiwa. Fremu huweza kuwa miezi 24. Katika mpango wa miezi 12, aliyehudumiwa tarehe 14 Machi akirudi tarehe 10 Machi mwaka unaofuata, dai lake linakataliwa. Usichotumia hakihamii kipindi kijacho.

Wazazi nao wasikimbilie kuchagua bima ya familia nzima. Watoto wakiwa kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, programu hiyo inapaswa kuwapa walio chini ya miaka 21 uchunguzi wa macho na miwani, kwa hiyo huenda unakatwa mshahara kwa kitu walicho nacho tayari. Tena Medicaid hulipa mwisho, baada ya bima nyingine kulipa, na bima ya pili inaongeza makaratasi.

Kisha kuna haki ambayo wengi hawaidai. Kanuni ya serikali kuu, iliyoanza 1978, inamlazimu aliyekupima akupe nakala ya vipimo vyako vya miwani mara tu amalizapo, bila ada ya ziada, hata kama hukuiomba, na kabla hajajaribu kukuuzia miwani. Nakala hiyo unaweza kuipeleka duka lolote linalopokea bima yako. OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. Umbali kati ya mboni mbili, ambao utauhitaji ukinunua kwenye intaneti, haumo katika kanuni hiyo. Omba uandikiwe kwa milimita kabla hujaondoka.

Ni sisi,
Wahudumu wa kliniki za macho, Marekani