Programu ya barua pepe ya Thunderbird inapokataa nenosiri ambalo una hakika ni sahihi

Usiliandike tena mara ya nne. Seva nyingi za barua pepe za kampuni, hasa zinazoendeshwa kwa cPanel (programu ya kusimamia seva), huifungia anwani ya intaneti (IP) inayokosea mara kadhaa mfululizo. Kwa kuwa kompyuta zote za ofisi kwa kawaida hutoka nje kwa anwani moja, mtu mmoja anayebahatisha anaweza kuwakosesha barua wenzake wote.

Fungua kivinjari kwanza, uingie kwenye barua pepe yako kupitia tovuti ya mtoa huduma. Ukikataliwa huko pia, tatizo ni nenosiri au akaunti yenyewe, na litatuliwe hukohuko. Ukikubaliwa, nenosiri ni zima. Kasoro iko kati ya programu na seva.

Kwa Gmail, sababu kubwa ni mpangilio wa zamani. Mwaka 2022 Google iliacha kupokea nenosiri la kawaida kutoka programu za nje kwa akaunti za watu binafsi, na Outlook.com ikafanya hivyo Septemba 2024. Siku hizi Thunderbird hufungua dirisha la Google lenyewe, unaingia humo, kisha programu inapewa kibali chake. Njia hiyo inaitwa OAuth2. Akaunti iliyowekwa miaka mingi nyuma inaweza kuwa bado inatuma nenosiri moja kwa moja, na ndiyo maana inagomewa.

Bofya jina la akaunti kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Settings", halafu "Server Settings". Seva iwe imap.gmail.com, poti 993, usalama SSL/TLS, na njia ya kuthibitisha iwe OAuth2 badala ya "Normal password". Wengi huishia hapo, kisha wanashangaa barua zinaingia ila hazitoki. Kutuma kuna seva yake na mipangilio yake: shuka hadi chini kabisa ya orodha ya kushoto, kwenye "Outgoing Server", uweke smtp.gmail.com, poti 465 kwa SSL/TLS au 587 kwa STARTTLS, na OAuth2 tena.

Baada ya hapo ondoa kumbukumbu za zamani. Katika mipangilio ya jumla, sehemu ya "Privacy & Security", fungua "Saved Passwords" na ufute za akaunti hiyo tu, yaani zinazoanza na imap, smtp au oauth. Funga programu, uifungue upya. Dirisha la Google likibaki jeupe au likikurudisha mwanzo kila mara, hakikisha kwenye ukurasa huohuo wa mipangilio vidakuzi ("cookies") vimeruhusiwa.

Programu ya zamani isiyoijua OAuth2 inaweza kutumia nenosiri la programu la Google, lenye herufi 16. Huwezi kulipata bila kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, na ukibadilisha nenosiri kuu la akaunti, hilo nalo hufutika. Kwa Outlook.com njia hii haisaidii tena.

Anwani ya barua pepe ya kampuni ina mambo yake. Kwa kawaida jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na alama ya @ na kikoa. Kuandika "info" peke yake hakutoshi. Ili kujua kama ofisi imefungiwa, iunganishe kompyuta na intaneti ya simu kwa dakika chache. Ikiingia, mwombe mwenye seva aifungulie anwani ya intaneti ya ofisi. Ila kabla ya kumpigia, tafuta kifaa ambacho bado kina nenosiri la zamani: simu ya mfanyakazi, au ile printa inayotuma skani kwa barua pepe. Kisiporekebishwa, mtafungiwa tena siku hiyohiyo.

Tazama pia saa ya kompyuta. Ikirudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032. Tarehe ikiwa si sahihi, cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, huonekana batili. Rekebisha tarehe, usikubali onyo la cheti ili tu barua zipite.

Ukihitaji tukusaidie, tutumie picha ya ujumbe wa kosa, jina la seva na poti zilizoandikwa, na utueleze kama kivinjari kinaingia. Nenosiri usitutumie, hatulihitaji.